Kitenge cha Mguu wa Mbele: Tunamuaga Mzee Barthélemy Kabwit

Leo Ijumaa, tarehe 27 Novemba 1998, Mzee Barthélemy Kabwit anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya ufundi wa ndege ndogo, karibu saba kati yake akiwa nasi hapa karakanani, katika kiwanja cha Virginia, Durban. Saa sita mchana atatundika ovaroli yake kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, na kuanzia Jumatatu msumari huo utakuwa mtupu.

Programu ya Kiingereza mliyopewa mlangoni ina mistari minane juu yake. Ni mistari mizuri, ina tarehe zote. Lakini Bwana Térence, mwenye karakana, ni mtu wa Morisi, na anajua kwamba kuna mambo hayasemeki vizuri ila kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo alituruhusu sisi wa Kiswahili, Wakongomani na Watanzania kwa pamoja, tuongeze karatasi zetu nyuma, mradi zisizidi nne. Kazi hiyo nimepewa mimi Kulthumu, mtunza stoo, kwa sababu inasemekana nina maneno mengi. Nimeandika kwa herufi ndogo ili zitoshe.

Nianze na jambo ambalo programu ya Kiingereza imeliruka kwa adabu. Katika faili la Mzee kuna doa moja. Miaka thelathini na sita, ndege mamia, na doa moja tu, la mwezi Machi mwaka jana. Wengi wenu mnalijua juu juu. Mimi nalijua lote, na sitaki aondoke nalo. Nitalifikia, lakini kwanza niwakumbushe tunamuaga mtu gani.

Mzee alianza kazi mwaka 1962 katika mji wa Lubumbashi, ambao wakati huo bado uliitwa Élisabethville. Fundi wake wa kwanza alimpa kazi ya kusafisha magurudumu, kisha akamsahau huko kwa miaka mitatu. Mwingine angenung'unika. Yeye alitumia miaka hiyo mitatu kuijua miguu ya ndege kama mama anavyomjua mwanawe: mguu upi unajikunja kivivu, upi unavuja mafuta, upi unadanganya. Mpaka leo husema kwamba injini kila mtu anaipenda kwa sababu ya makelele yake, lakini miguu hakuna anayeikumbuka mpaka wakati wa kushuka.

Mwaka 1991 mambo yalipoharibika kwao na vipuri vikaisha kabisa, Mzee na mkewe, Mama Marie, walifunga safari ya kusini. Walifika Durban Januari 1992 wakiwa na begi moja la nguo na spana moja ya kupimia nguvu ya kukaza, aliyoifunga ndani ya shati lake la Jumapili. Mpakani afisa aliigeuzageuza spana ile akidhani ni silaha. Mzee hakuwa na Kiingereza cha kujieleza, basi akapiga magoti, akakaza nati zote za kiti cha yule afisa, na kiti kikaacha kulia. Wakapita. Hadithi hii ameisimulia mara nyingi sana, na kila mwaka kiti kinazidi kuwa kikubwa na afisa anazidi kuwa mnene.

Walipanga chumba Greyville, ghorofa ya pili, dirisha likitazama uwanja wa mbio za farasi. Siku za mashindano Mzee aliketi dirishani na kikombe chake cha chai ya rangi, akitazama miguu ya farasi tu. Majirani wakagundua kwamba farasi ambaye Mzee alimhurumia kwa miguu yake ya mbele hakuwa akifika popote, wakaanza kumgongea mlango asubuhi asubuhi kuulizia. Mama Marie, ambaye ni mtu wa kanisa, aliwafukuza kwa ufagio. Mzee mwenyewe hakuwahi kucheza kamari hata mara moja. Alisema alikuwa akitazama kazi.

Bwana Térence alimwajiri kwa sababu waliweza kusikilizana kwa Kifaransa, halafu akambakiza kwa sababu ya mikono yake. Kuna jambo ambalo nyote mnalijua: ndege ikimkorofisha, Mzee huisema kwa Kifaransa, ikimtii, huisifu kwa Kiswahili. Sisi wa stoo tulikuwa tukijua kazi imefikia wapi kwa kutega sikio tu, bila kuinuka kitini.

Tatizo lilikuwa karatasi. Vyeti vyake vya Lubumbashi havikutambuliwa hapa. Akiwa na miaka hamsini na saba alitakiwa kukaa mtihani upya, tena kwa Kiingereza. Mimi niliajiriwa mwezi wa sita mwaka huo huo, nimetoka Tanga na wanangu wawili, nina Kiingereza cha shule na sijui tofauti ya bolti na skrubu. Tukapatana. Kila mchana baada ya chakula aliketi kwenye debe lake ndani ya stoo, mimi nikainua kipuri, yeye akataja jina lake kwa Kiingereza, na mimi nikataja kazi yake. Mtihani wa kwanza alianguka kwa alama mbili. Kesho yake akaja na kitabu kwapani, akaketi kwenye debe na kusema, “Dada Kulthumu, tuanze tena ku mwanzo.”

Mara ya pili alipasua. Muhuri wake wa mkaguzi ulipofika kwa posta, sote tulikusanyika kuuona. Alitaka kuujaribu, na hapakuwa na karatasi karibu, basi akaugonga kwenye kiganja changu. Wino ulikaa siku nne, na mimi nilikuwa nikinawa kwa mkono mmoja ili usifutike. Nakumbuka siku zile na moyo unanilainika.

Mzee alituletea desturi mbili ambazo hazimo katika kitabu chochote cha ufundi. Ya kwanza ni kwamba anayetia sahihi hupanda. Ndege akiikagua na kuigonga muhuri, safari yake ya kwanza lazima naye awemo, ameketi kando ya rubani, mikono mapajani. Bwana Térence alijaribu kumzuia akisema umri unakwenda. Mzee akamjibu kwamba siku atakayoogopa kupanda, siku hiyo asipewe kalamu.

Ya pili ni vitenge. Mama Marie ni mshonaji, na nyumbani kwake vipande vya vitenge havikosekani. Kila fundi alipewa kipande cha rangi yake. Ukiianza kazi na hukuimaliza, hata kama unakwenda tu kunywa maji, unafunga kitenge chako juu yake. Kitenge kikionekana, ndege haitoki. Kazi ikiisha unakifungua mwenyewe na kukitundika kwenye msumari wako. Wageni walikuwa wakituuliza kama kuna sikukuu. Lakini katika miaka mitano hatukusahau nati hata moja, na karakana za jirani zilianza kutuiga kwa kutumia vipande vya magunia, ambavyo kusema kweli havipendezi.

Sasa nifike kwenye lile doa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Machi 1997, kesho yake Ijumaa Kuu. Ndege moja ya injini mbili na viti sita ilikuwa juu ya jeki. Fundi Ezéchiel alikuwa akibadilisha bolti katika kiungo cha mguu wa mbele. Saa nne asubuhi simu ya stoo ikalia: mkewe amepelekwa hospitali, uchungu umeanza. Wakati huo Ezéchiel alikuwa ameizungusha nati kwa vidole tu, haijapigwa spana, haijatiwa ile pini ndogo inayoizuia isilegee. Alifanya kama alivyofundishwa. Alifunga kitenge chake, kile cha manjano chenye samaki wa kijani, juu ya mguu ule, kisha akatoka mbio akiacha koti sakafuni na sanduku la vyombo wazi. Mzee hakuwepo. Alikuwa Clairwood, kwenye maghala ya malori, kufuata vipuri vya breki.

Saa saba mchana upande ule alikuwepo mtu mmoja tu, naye ni mimi. Jumanne baada ya Pasaka tulitarajia wageni, na mtu wa Tanga hawezi kuvumilia kitambaa cheusi kwa grisi kinaning'inia mahali watakapopita wageni. Nikakusanya vitenge vyote misumarini nikavifue. Kisha nikakiona cha Ezéchiel kwenye mguu wa ndege. Nikautazama mguu: gurudumu lipo, bolti ipo, nati ipo. Nikalitazama koti lake sakafuni. Nikajisemea moyoni, maskini, na kitenge amekisahau. Nikakifungua, nikakitia kwenye ndoo pamoja na vingine.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kitenge hakikudondoka wala hakikuibiwa. Nilikifungua mimi, Kulthumu, kwa mikono yangu, na sikumwambia mtu.

Saa tisa Mzee akarudi. Aliizunguka ndege ile kama kawaida yake, hakuona kitenge. Kadi ya kazi ya Ezéchiel ilikuwa imejazwa nusu, naye akadhani haraka ya hospitali ilimzuia kumaliza kuandika, si kumaliza kazi. Aliikunja na kuikunjua miguu ya ndege mara tatu ikiwa juu ya jeki, na nati ya vidole ikastahimili mara zote tatu. Akaijaza kadi mwenyewe, akagonga muhuri. Hapo lipo kosa lake, na silifichi kwa sababu yeye mwenyewe hajalificha: alikiamini kitenge kuliko kidole chake. Lakini kitenge kile kingekuwepo, asingegonga.

Jumamosi saa tatu asubuhi ndege ikaruka. Rubani alikuwa Léonce, kijana wa Bujumbura mnayemjua kwa miwani yake. Mzee akapanda kando yake, mikono mapajani. Mama Marie alikuwa amekuja kumngoja ili wakitoka hapo waende kununua samaki wa Pasaka. Nilikuwa nimemwekea kiti mlangoni pa stoo na tulikuwa tukizungumza habari za mtoto wa Ezéchiel, msichana, aliyezaliwa salama Alhamisi ile ile jioni.

Ya angani nayasimulia kama Léonce alivyoyasimulia. Ndani ya ndege kuna taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Walipozunguka kutaka kushuka, ziliwaka mbili. Léonce akasema, “Eish, Papa, mbele haishuke.” Mzee akamwambia asiwe na haraka ya kuilaumu miguu, pengine ni taa imekufa. Akaichomoa taa ya kushoto na kuitia mahali pa ile ya mbele. Haikuwaka. Akapiga pampu ya mkono mpaka jasho likamtoka. Haikuwaka. Wakapita chini kando ya mnara wa kuongozea ndege ili watazamwe kwa darubini, na jibu lilikuja kwa redio, tukalisikia hata sisi stoo: gurudumu la mbele limening'inia upande, halikusimama.

Waliposema gurudumu la mbele, nilikumbuka samaki wa kijani. Nyuma ya stoo, kwenye waya, vitenge vyote, nilivyoviloweka Alhamisi na kuvifua asubuhi ile, vilikuwa vimeanikwa na upepo wa bahari ukivipeperusha. Mama Marie akanishika mkono, na kwa muda wa saa moja na zaidi, ndege ikizunguka juu ya bahari ili mafuta yapungue, hakuuachia. Alikuwa akisali kwa sauti ya chini. Kila alipofika mwisho wa sala alinifinya vidole ili niitikie, nami mwana wa Kiislamu nikawa naitikia amina. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaitikia amina nyingine.

Huko juu Mzee alifanya hesabu yake. Pua ya ndege ilitakiwa ibaki juu kwa muda mrefu iwezekanavyo baada ya miguu ya nyuma kugusa chini, kwa hiyo uzito ulitakiwa uwe mkiani. Akafungua mkanda, akapita katikati ya viti akitambaa, akajilaza kwenye sehemu ya mizigo huku amekumbatia sanduku lake la vyombo kifuani. Miaka sitini na miwili. Léonce anasema alimsikia kutoka kule nyuma akiizungumzia ndege, na akashangaa kwamba anaizungumzia kwa Kiswahili, lugha yake ya kuisifu. Alikuwa akiiambia, “Iko muzuri, mama. Polepole. Iko muzuri.”

Waligusa chini kwa miguu miwili. Léonce akazima injini zote mbili, na ndege ikateleza kimya, pua ikiwa juu, muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana. Halafu pua ikainama. Ilisuguana na lami hatua kama sitini, cheche zikiruka, ikasimama ikiwa imeinama mfano wa mtu aliyeangusha kitu. Gari la zimamoto lilikuwa limeshafika. Hakuumia mtu. Mzee alitoka wa mwisho, kofia imempinda, na neno lake la kwanza lilikuwa kuomba tochi.

Alilala chini ya pua ya ndege muda mrefu, akimulika. Kisha akainuka, akamwendea mkewe, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili, halafu akapita nyuma ya stoo kwenye bomba kunawa. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma. Alisimama mbele ya ule waya. Alivitazama vitenge kimoja kimoja, akakichukua cha manjano kikiwa bado na unyevu, akaondoka nacho. Jumanne nilipofungua droo yangu nilikikuta humo juu ya kalamu zangu, kimekunjwa mara nne. Ndipo nikajua kwamba anajua.

Wakaguzi wa serikali walikuja wiki mbili baadaye. Ezéchiel aliwaambia kwamba alikuwa amefunga kitenge, nao wakataka kujua kitenge ni kitu gani. Mzee akawaambia kwamba aliyepaswa kuhakikisha nati ni mkaguzi, na mkaguzi ni yeye, na hakuhakikisha. Basi. Mimi niliulizwa swali moja tu, kama pini zilikuwepo stoo. Nikasema zilikuwepo. Walipoondoka, Ezéchiel alikaa kwenye ngazi ya jeki akilia, kwa kuwa tayari kulikuwa na maneno kwamba furaha ya mtoto ilimpanda kichwani. Mzee akamwambia mbele yetu sote: “Weye uliacha kitenge, najua. Lakini kitenge haina mukono ya kusaini. Miye njo nilisaini.” Hakunitazama.

Nilinyamaza kwa sababu ya kibali changu. Kilikuwa kinakwisha mwezi wa sita, na ili kipate kuongezwa ilihitajika barua nzuri ya mwajiri. Bila barua ile ningerudi Tanga na wanangu wakiwa katikati ya mwaka wa shule. Mzee alilijua hilo vizuri, kwa kuwa zile fomu tulizijaza pamoja ndani ya stoo, yeye kwenye debe lake. Barua nikaipata. Kibali nikakipata. Naye akanyang'anywa muhuri wake kwa miezi sita, ule ule uliogongwa kwanza kwenye kiganja changu.

Kwa miezi hiyo sita alifanya kazi chini ya Cédric, fundi ambaye Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana. Kila asubuhi alimwita Cédric “chef”, yaani mkuu, bila kebehi, na kila alipomaliza kazi alikwenda kumwita aje amkague. Cédric alikuwa akikagua kwa aibu, macho chini, mpaka siku moja Mzee akamkemea kwamba nati haiko sakafuni. Kwangu hakubadilika hata kidogo. Alikuja na kikombe chake cha chai mchana kama zamani, akaketi kwenye debe, akauliza habari za watoto. Hilo ndilo lililokuwa likinimaliza.

Muhuri ulirudi mwezi wa kumi, na siku hiyo hiyo akaandika kanuni mpya na kuibandika ukutani: kitenge hakifunguliwi na mtu mmoja, kinafunguliwa na wawili, aliyekifunga na anayekagua, wote wameshika. Mmekuwa mkiifuata kanuni hiyo mwaka mzima na wengine mmekuwa mkiilalamikia kwamba inachelewesha kazi. Sasa mnajua ilikotoka.

Mwezi uliopita Bwana Térence aliponiomba niandike wasifu huu, alinipa faili la Mzee ili nichukue tarehe. Humo nikakuta barua mbili. Ya kwanza ni ya chuo kimoja cha ufundi huko Mobeni. Mzee ameomba kufundisha huko siku tatu kwa wiki baada ya kustaafu, kwa sababu nyumbani kuna vita tena na hawezi kurudi, na kwa sababu hajui kukaa. Chuo kilikuwa kimeona lile doa na kikauliza kama ni kweli mkaguzi aligonga muhuri bila kuhakikisha, na kama ana maelezo. Ya pili ni nakala ya jibu lake, kwa Kiingereza kile tulichojifunza pamoja kwenye stoo. Lina sentensi mbili: “Ni kweli. Sina la kuongeza.”

Niliifunga stoo mapema siku ile, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nilianza na Ezéchiel. Alinisikiliza amesimama, kisha akasema, “Iko sawa, dada. Lakini ungeniambia.” Hakuna aliyewahi kunigombeza vikali kuliko hivyo. Kisha nikaenda Greyville kwa Mama Marie, wakati Mzee yuko kazini. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja mpaka rundo likaisha, halafu akauliza kama wanangu wanajua. Nikasema bado. Akasema niwaambie mimi mwenyewe, wasije wakasikia kwa watu. Niliwaambia jioni ile. Mwisho nilikwenda kwa Bwana Térence na barua niliyoiandika na kuisaini. Amenipa onyo la maandishi, ninalolistahili, na ameniachia funguo za stoo, ambazo sikuzitegemea. Barua yangu ameitia kwenye faili la Mzee, na nakala ameipeleka Mobeni. Karatasi hizi zinapokwenda kuchapwa, jibu halijafika.

Wote hao niliwaomba wasimwambie Mzee kwamba nimekiri. Yeye analijua jambo hili leo, hapa, kama ninyi.

Mzee Kabwit, kwa niaba ya mafundi wote, wa zamani na wa sasa, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa miguu yote iliyoshuka na kusimama sawasawa, ambayo hakuna mtu aliyeiandikia taarifa. Tunakushukuru kwa vitenge, kwa Kifaransa cha asubuhi mbaya, na kwa hadithi ya kiti. Tunamshukuru Mama Marie aliyetuazima wewe kila siku, hata Jumamosi ya samaki. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana ambao umekuwa ukiukataa, na miaka mingi dirishani pako na chai ya rangi. Na kama Mobeni watakuwa na macho, tunawaombea wanafunzi wao wapate bahati tuliyoipata sisi.

Nakala zenu zimebanwa kwa pini za kawaida. Nakala ya Mzee peke yake imefungwa kwa kitenge cha manjano chenye samaki wa kijani. Nimekifua tena, nimekipiga pasi, na nimekifunga mimi. Kanuni iko ukutani, Mzee, na umeiandika wewe: watu wawili, wote wameshika. Kazi hii niliiacha wazi kwa miezi ishirini, na siwezi kukifungua peke yangu. Niko stoo mpaka saa kumi, na debe lako nimelifuta vumbi.

Kulthumu, Stoo